Mguu wa Shomari huko Zungukoni

Wengi wamekuwa wakiniuliza njia ya kwenda Zungukoni, nami huwajibu kwamba njia si kazi. Mtu yeyote anafika. Kazi ni kuelewa unachoambiwa ukishafika. Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki msomaji adhani nimetulia. Mimi Mwasiti ni fundi cherehani wa Muheza. Mteja akija na kitambaa huniambia anataka gauni la mikono mirefu, nami nampima, nakata, nashona, anavaa. Kazi ya namna hiyo imenizoesha kusikia kitu kikiitwa kwa jina lake, na huenda ndiyo iliyonifanya niteseke kuliko wageni wengine.

Zungukoni ni nchi safi. Barabara zake ni pana, watu wake ni wapole, wanapanga foleni bila kusukumana. Sheria yao kubwa, iliyochongwa juu ya mlango wa kila ofisi, ni kwamba mtu mzima hasemi jambo zito kwa maneno ya wazi. Mambo madogo yanasemwa kama kwetu: karibu, keti, nenda dirisha la tatu. Hata sheria zenyewe wanakusomea vizuri tu. Lakini jambo likiwa na uzito, lazima lisemwe kwa msemo uliosajiliwa katika Daftari Kuu, na msemo wenyewe haufanani na jambo hata kidogo. Mtu akifukuzwa kazi wanasema amepewa kitanda cha dirishani. Mke akimwacha mumewe wanasema shangazi ameanika vijiko. Usiniulize kwa nini. Mimi niliuliza, nikaandikwa katika daftari la makosa, kwa sababu sheria ya pili inasema kuuliza maana ya msemo ni utovu wa adabu.

Kwetu Kizunguko, lugha ya nchi hiyo, kinafundishwa tangu darasa la kwanza, na asiyekijua hapati kiti katika ofisi yoyote. Mimi nilikisoma miaka saba kwa Mwalimu Ndimbwa, katika kitabu kiitwacho *Misemo Elfu Moja ya Kumfaa Mgeni*. Tuliikariri yote. Aliyekosea alivishwa kibao shingoni mpaka saa ya kwenda nyumbani, na mimi kibao hicho nilikivaa mpaka kikanitoa ngozi. Mdogo wangu Shomari hakukivaa hata siku moja. Alikuwa na kichwa chepesi, Mwenyezi Mungu alimjalia. Miaka minane iliyopita alikwenda Zungukoni, akapata kazi katika kiwanda cha mbao, na baada ya kazi akasoma mpaka akapewa Shahada ya Juu ya Misemo. Picha yake akiwa ameishika ile shahada ilitundikwa sebuleni kwa Mama, na wageni walioneshwa kabla hawajapewa chai.

Siku moja ikaja barua kutoka hospitali ya Zungukoni. Ilisema kwamba Shomari ameketi chini ya saa ya ukutani, na kwamba ndugu wa damu anahitajika upesi. Nilimpelekea Mwalimu Ndimbwa. Akavaa miwani, akafungua kitabu chake, akatutangazia kwamba Shomari amepandishwa cheo. Mama alipiga vigelegele. Majirani wakaja, tukapika pilau, na mimi nikatumwa kupeleka hongera.

Niliingia Zungukoni na sanduku la halua mkononi, nikamkuta mdogo wangu amelazwa, mguu wake wa kulia umevimba kama mto wa kulalia, na rangi yake siwezi kuieleza. Msemo ule, nilikuja kuambiwa baadaye nje ya nchi ile, uliacha kutumika kwa habari za cheo enzi za bibi zao. Siku hizi ni wa ajali za kazini. Na ajali yenyewe ilitokea hivi: gogo lilikuwa linateremka, msimamizi akapiga kelele ya onyo, na Shomari, mwenye Shahada ya Juu, hakusogea. Msemo wa onyo ulikuwa umebadilishwa Jumatatu. Gogo lilimwangukia Jumatano.

Daktari wake aliitwa Mazinge, mwanamke wa makamo, mtulivu, mwenye mikono safi. Alinikaribisha kiti. Nikamsalimu kwa Kizunguko, akatabasamu.

"Unasema vizuri sana," akaniambia.

Sifa hiyo hupewa kila mgeni akifungua mdomo. Ukishapewa, watu huanza kusema nawe polepole na kwa sauti kubwa, maneno yaleyale ambayo hukuyaelewa yaliposemwa haraka. Daktari Mazinge akaweka karatasi mbele yangu, na kalamu juu yake. Akanitazama machoni.

"Dada Mwasiti," akasema polepole, "kuku wa mgeni ameanza kupanda ngazi, na ngazi ina vipande vitano."

Kila neno nililijua. Kuku namjua, ngazi naijua, tano naijua. Nilichokikosa ni alichosema. Nikatazama karatasi, nayo ilikuwa na kuku na ngazi, na mstari wa kutia saini. Basi nikafanya kile tulichofundishwa kufanya tusipoelewa. Nilitabasamu, nikatikisa kichwa kwa heshima, nikairudisha karatasi. Mimi siwezi kutia mkasi katika nguo ya mtu ambaye hajaniambia anataka nini. Daktari alinitazama kwa mshangao, halafu akainamisha macho.

Nikaenda kwa Shomari. Nikakaa kitandani pake, nikamuuliza kwa lugha yetu ya nyumbani.

"Shomari, daktari ametaka nini?"

Akatupa jicho mlangoni, alipokaa muuguzi mwenye daftari, kwa maana sheria yao inashika kila lugha isemwayo ndani ya nchi. Akanijibu kwa Kizunguko, huku akitabasamu.

"Usiwe na wasiwasi, dada. Sahani zimeshafunikwa."

Nilitaka kumzaba kofi, mgonjwa vile vile alivyo. Miaka minane sijamwona, nimekuja na halua ya Mama, na ananipa sahani.

Asubuhi ya pili Daktari Mazinge akaniita tena na karatasi yake. Kuku wa mgeni alikuwa bado anapanda, ila sasa ngazi ilikuwa na vipande vinne. Nikajisemea, afadhali, inapungua. Nikarudisha karatasi kwa tabasamu, nikaenda zangu Ofisi ya Maana.

Ofisi ya Maana ina ghorofa nne na makarani wengi kuliko wagonjwa wa ile hospitali. Mgeni haruhusiwi kuuliza maana kwa mdomo, lakini anaweza kuiomba kwa fomu. Niliandika msemo wangu, nikampa karani wa dirisha la tatu, Bwana Lulindi, kijana nadhifu aliyechana nywele zake kwa maji. Aliisoma fomu, akaisifu hati yangu, akaingia ndani. Baada ya saa tatu akarudi na karatasi yenye mhuri. Ilisema: *Kuku wa mgeni kupanda ngazi maana yake ni kibatari kuhamia sebuleni.*

"Na kibatari kuhamia sebuleni ndiyo nini?" nikauliza.

Akaziba masikio kwa viganja. "Dada, tafadhali. Fomu zipo pale."

Nikajaza fomu. Jibu likaja siku ya pili yake: kibatari kuhamia sebuleni maana yake ni mkwe kusahau mwavuli. Nikajaza nyingine. Na siku ya nne ya kukaa kwangu katika nchi ile, wakati asubuhi yake daktari alishaniambia kwamba vipande vya ngazi ni viwili, Bwana Lulindi akanikabidhi jibu la mwisho kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. Mkwe kusahau mwavuli maana yake ni kuku wa mgeni kupanda ngazi.

Nilimwambia nimerudi nilikotoka.

"Ndiyo," akasema kwa furaha. "Hiyo inathibitisha kwamba Daftari Kuu limekamilika. Hakuna tundu."

"Bwana Lulindi, hata kwetu tuna misemo. Mtu akioa tunasema amepata jiko, na hakuna jiko lililonunuliwa. Lakini mgeni akiuliza anaambiwa. Anachekwa kwanza, halafu anaambiwa."

"Anaambiwa na nani?"

"Na yeyote aliyekaa naye!"

Alinitazama kwa huruma ya kweli. Akasema nchi ambayo yeyote anaweza kumwambia yeyote maana haiwezi kuwa na Ofisi ya Maana, na bila ofisi hiyo yeye na makarani wenzake mia mbili wangefanya kazi gani. Akanishauri niende Barazani, kwa kuwa Baraza peke yake ndilo lenye uwezo wa kumruhusu daktari kuniambia jambo waziwazi.

Siku ya tano nikapita kwanza hospitali. Ngazi ilikuwa na kipande kimoja. Daktari Mazinge aliitamka ile moja taratibu mno, na kalamu akanishikisha mwenyewe mkononi. Mimi nikamshukuru kwa moyo wote. Nilikuwa nimeshafanya hesabu yangu: kitu kilichokuwa tano kimekuwa moja, basi kesho kitakuwa hakuna, na Shomari atainuka. Nikairudisha karatasi. Nikaona ametoa macho kana kwamba nimemtemea mate, nikafikiri ni uchovu wa kazi.

Barazani nilikuta wajumbe wanajadili kesi ya mlinzi mmoja wa ghala la kamba. Mwaka jana ghala lilishika moto watu wakiwa ndani, na mlinzi akapiga kelele neno moja: moto. Msemo uliosajiliwa kwa jambo hilo una maneno kumi na moja. Mlinzi alikuwa gerezani, na hoja ilikuwa kama asamehewe.

Mjumbe mnene wa mstari wa mbele akasimama. "Hatukatai kwamba watu arobaini walitoka salama," akasema. "Tunachouliza ni walitokaje. Walitoka mbio, wengine hawana viatu, wamekurupushwa na neno tupu. Huo ndio mfano tunaotaka kuwaachia watoto wetu?"

Makofi yakapigwa. Akasimama mama mmoja mwenye kilemba cha kijani.

"Mheshimiwa Spika, mlinzi yule angetumia msemo, ghala lingeungua na watu wote ndani, lakini lugha ingebaki nzima."

Nilidhani anamtetea mlinzi. Nikaona wenzake wanampigia makofi kuliko yule wa kwanza, naye anainama kuwashukuru. Hapo moyo wangu ulivunjika, maana nilijua mimi ndiye ninayefuata.

Nilipopewa nafasi sikupamba. Nilisema mdogo wangu yuko hospitali, mguu wake unanuka, na naomba daktari aniambie kwa maneno ya kawaida anachotaka kumfanya. Wajumbe kadhaa walijifunika nyuso. Spika, mzee mwenye sauti nzuri, alikohoa.

"Unasema vizuri sana," akaniambia.

Kisha akaunda kamati, itoe ripoti baada ya miezi minne.

Nilirudi nilikopanga nikiwa hoi. Chumba changu kilikuwa kwa Bi Sikitu, mjane mpole ambaye hadi siku hiyo hatukuwa tumezungumza naye zaidi ya habari za maji na funguo. Alasiri ile nilikuwa nimejilaza, dirisha wazi, nikamsikia uani anasema na mtu.

"Leo goti linaniuma. Na mwanangu haniandikii tena barua. Nadhani amenisahau. Halafu huyu mgeni ananitia simanzi. Ndugu yake anakufa, na yeye kutwa anajaza fomu."

Nilitoka mbio bila kanga. Bi Sikitu alikuwa amekaa kwenye kigoda, na mbele yake alikuwepo bata.

"Umesema nini?" nikamuuliza. "Umesema anakufa?"

Hakushtuka. Alinieleza sheria, kwa kuwa sheria wanaruhusiwa kuieleza. Kifungu cha tisa kinasema kwamba maneno ya wazi hayamvunjii heshima mnyama wala ndege, hivyo mtu yuko huru kumwambia lolote. Kila nyumba ya Zungukoni ina mnyama wake. Ndipo nikakumbuka kwamba tangu nifike nilikuwa nimemwona hakimu akitembea na mbuzi wake pembeni ya barabara huku akimnong'oneza. Nilimwona pia kijana na mchumba wake wamekaa kwenye benchi, paka katikati yao, kila mmoja akisema na paka. Nilikuwa nimefikiri ni watu wapenda wanyama tu.

"Bi Sikitu, niazime bata wako."

Alimuuliza bata kama ana nafasi, halafu akanikabidhi.

Daktari Mazinge alikuwa anajiandaa kwenda nyumbani. Nilimweka bata juu ya meza yake, juu ya ile karatasi. Alimtazama bata, akanitazama mimi, akaenda kufunga mlango. Kisha akaketi, akamshika bata mabawa kwa upole, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema.

"Bata, mimi nimechoka. Mguu wa yule kijana umeoza mpaka chini ya goti. Usipokatwa leo, sumu itapanda mwilini na kesho hatuwezi tena kumwokoa. Nilikuwa na siku tano. Kila asubuhi nimemwambia dada yake siku zilizobaki, kila asubuhi anatabasamu na kunirudishia karatasi. Leo amenishukuru. Nimefanya kazi hii miaka ishirini, sijapata kuona dada mwenye moyo wa namna ile."

Nikaketi sakafuni. Niliposema, nilisema na bata, kwa kuwa ndivyo wanavyotaka.

"Bata, mwambie daktari kwamba dada yake hakuelewa. Mwambie hakuelewa hata neno. Na mwulize, akikatwa, atapona?"

"Bata, atapona. Ni kijana, na moyo wake una nguvu."

Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi mwenyewe, akanishika bega, akaniambia msemo. Sikuuelewa, wala sikutaka kuuelewa. Nilichukua karatasi na bata nikaenda wodini.

Ningeweza kutia saini palepale mezani. Lakini mguu ulikuwa wa Shomari, na mimi simkati mtu ambaye hajanena. Aliponiona naingia na bata kwapani, alijiinua kwa viwiko. Alijua maana yake kuliko mimi. Nilimweka bata juu ya blanketi, Shomari akaanza kulia, akasema na bata kwa lugha yetu.

"Bata, nilielewa tangu siku ya kwanza. Nilijua ile ngazi ni siku zangu. Nilimwambia dada asiwe na wasiwasi kwa sababu akielewa atatia saini, nami nitaamka sina mguu. Na ningemwambia waziwazi, wangeninyang'anya shahada. Bata, nilitaka kwenda nyumbani mzima, au nisiende kabisa."

Nilimsikiliza mpaka mwisho, na sijui kama hasira iliyonipanda ilikuwa kwake, kwa nchi ile, au kwangu mwenyewe niliyetabasamu siku tano. Nilimchukua yule bata, nikamtoa nje ukumbini, nikafunga mlango. Muuguzi mwenye daftari akabaki ndani, kwenye kiti chake, kalamu mkononi.

"Nitazame mimi," nikamwambia Shomari. "Mimi ni dada yako. Nilikubeba mgongoni. Hutasema na bata jambo la kuniambia mimi. Jua linakuchwa, na mimi siandiki jina langu hapa mpaka nisikie kinywani mwako."

Alimtazama muuguzi. Akafungua mdomo, ukatoka msemo, nusu yake, akaumeza. Akafungua tena, hakikutoka kitu. Nilimwona anatafuta maneno ya nyumbani kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta kitasa, na sikumsaidia, ingawa ilinikata maini.

"Dada," akasema. "Wakate. Naogopa sana, lakini wakate."

Muuguzi akaandika. Na mimi nikaandika, karatasi ikiwa juu ya goti langu, kalamu inatoboa kwa jinsi nilivyoikandamiza. Daktari Mazinge alikuwa tayari mlangoni na wenzake.

Hukumu ilitoka kabla Shomari hajaruhusiwa kutoka wodini. Mgonjwa amesema wazi, mbele ya shahidi, jambo lenye uzito. Akanyang'anywa Shahada ya Juu, jina lake likafutwa, na sote wawili tukatakiwa kuondoka nchini mara atakapoweza kusimama. Barua ya kutufukuza ilianza kwa kutusifu kwamba tunasema vizuri sana.

Sasa yuko hapa Muheza. Anakaa dukani kwangu, anashona vifungo na kupinda pindo, na wateja wanampenda kwa sababu anawaambia nguo isipowakaa. Mwalimu Ndimbwa hufika kumsalimia, akitaka aende akawafundishe wanafunzi misemo mipya, na Shomari hukataa. Jana, mteja wa mwisho alipotoka, nilimuuliza jambo ambalo nilikuwa naogopa kuuliza: kati ya shahada na mguu, ni kipi kinamuuma zaidi kukikosa. Hakunizungusha.

"Mguu, dada," akasema. "Unaniwasha, na kila nikiinama kuukuna, haupo."